Farasi wa Fimbo Katika Nchi Isiyo na Farasi

Mpe mtoto wa miaka mitano fimbo iliyonyooka, kisha kaa kando umtazame. Kwanza ataichapia majani. Baada ya muda mfupi atafanya mojawapo ya mambo mawili: ama ataipitisha katikati ya miguu yake na kutimka nayo uani, ama ataiegemeza begani, atafumba jicho moja na kukulenga. Fimbo ni ile ile. Kinachoibadili ni yale ambayo mtoto ameyaona kwa macho au ameyasikia yakisimuliwa. Kwa sababu hiyo mwalimu wa historia hana budi kuvichunguza vichezeo kama anavyozichunguza barua za kale na majengo ya mawe, maana navyo ni ushahidi.

Makala haya yanahusu kichezeo kimoja duni, farasi wa fimbo: kichwa kilichoshonwa kwa soksi au kitambaa, kikajazwa pamba na kufungwa kwenye ncha ya fimbo. Tutamtazama kutoka Karambi, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Bwera, wilayani Kasese, mahali ambapo ukisimama kilimani unaiona Kongo ng'ambo ya mto Lhubiriha. Nimepachagua kwa sababu farasi hakuwahi kuwa sehemu ya maisha ya huko. Je, mtoto anaweza kumpanda mnyama ambaye hata babu yake hakumpanda? Na akimpanda, anapata nini?

Kichezeo cha kale

Farasi wa fimbo ni mkongwe. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba Agesilaus, mfalme wa Sparta katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifumaniwa na rafiki yake nyumbani akiwa amepanda fimbo, akicheza na wanawe wadogo. Mfalme hakuona haya. Alimwomba tu rafiki yake asimwambie mtu habari hiyo mpaka naye awe baba. Mwaka 1560 mchoraji Pieter Bruegel alichora mji mzima uliojaa watoto wanaocheza, na miongoni mwao yumo aliyepanda farasi wa fimbo. Nchini China watoto walipanda farasi wa mwanzi tangu enzi za kale, hata Wachina wakapata msemo unaomtaja farasi huyo kuwaeleza mvulana na msichana waliokua pamoja tangu utotoni. Katika miaka ya karibuni, wasichana wa Finland wameugeuza mchezo huu kuwa mashindano kamili, wakiruka viunzi na farasi waliowashona wenyewe.

Nchi hizo zote ziliwajua farasi wa kweli. Farasi alilima, alibeba mizigo, alivuta magari na, zaidi ya yote, alikwenda vitani. Mtoto wa Ulaya aliyekimbia na fimbo yake alikuwa akimwiga askari aliyempita barabarani. Tusidhani, basi, kwamba kichezeo hiki kilizaliwa kikiwa safi kuliko bunduki ya mti. Kwa wenzetu wengi, farasi na upanga vilikwenda pamoja.

Kwa nini hakufika Karambi

Afrika Mashariki haikukosa farasi kwa uvivu wala kwa ujinga. Katika nyanda za juu za Ethiopia, farasi walistawi na majeshi yao yakawa na wapanda farasi mashuhuri. Pwani ya Waswahili iliwajua kwa njia ya Waarabu, na jina lenyewe, farasi, ni la Kiarabu. Hata Waganda wanapomwita *embalaasi*, masikio yanatambua neno lililosafiri kutoka pwani. Mnyama anayeitwa kwa jina la kuazima aghalabu ni mgeni.

Aliyemzuia mgeni huyo kukaa bara alikuwa mdudu mdogo, mbung'o. Mbung'o hueneza vimelea vinavyosababisha nagana kwa wanyama na malale kwa binadamu. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana kwa nagana, na katika maeneo mengi yenye mbung'o hakuweza kuishi muda mrefu.

Historia ya mdudu huyo katika Uganda ni chungu. Kati ya mwaka 1900 na 1920, malale yaliua watu zaidi ya laki mbili, hasa kando ya Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kuwahamisha watu kutoka kwenye fukwe. Kusini mwa Kasese pia, kando ya maziwa ya Edward na George, watu waliondolewa katika makazi yao. Ardhi waliyoiacha ilirudiwa na msitu na wanyama, na mwaka 1952 sehemu kubwa yake ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Miaka miwili baadaye, baada ya ziara ya malkia wa Uingereza, ikaitwa Queen Elizabeth, jina ililonalo hadi leo.

Mtoto wa Karambi anayeshuka kwenda Kasese hupita kando ya hifadhi hiyo. Huweza kuona tembo, nyati na swala. Hataona farasi, wala hata jamaa yake pundamilia, kwa kuwa hifadhi hiyo haina pundamilia. Mnyama wa kufugwa mwenye fahari katika nyanda hizo ni ng'ombe wa pembe ndefu wa Wasongora. Huko milimani, Mkonzo alitegemea miguu yake mwenyewe, mgongo wake na fimbo ya kupandia.

Vichezeo vya nyumbani

Watoto wa huko hawakukaa mikono mitupu wakimsubiri farasi. Waliviringisha magome makavu ya migomba, wakayafunga kwa kamba za mgomba huo huo, wakapata mpira. Kwa magome hayo hayo wasichana walisuka wanasesere. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, treni na magari vilikuwa vimeingia katika macho ya watoto, na kilichoingia machoni hutoka mikononi: magari ya waya, magurudumu ya vifuniko vya chupa, usukani wa kijiti kirefu. Katika vilima vya magharibi mwa Uganda watoto huunda pia vibaiskeli vya mbao na kuteremka navyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu Kaskazini, ubunifu wa namna hiyo umekua ukawa chombo cha kazi kiitwacho *chukudu*, kinachobeba magunia ya viazi na makaa, na mji wa Goma umekijengea sanamu.

Orodha hiyo ni kumbukumbu ya uchumi: mgomba, mgodi, reli, barabara, soko. Lakini ipo kumbukumbu nyingine ambayo mtoto huitoa mikononi bila kuulizwa.

Fimbo inapokuwa bunduki

Tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera wakitokea Kongo. Kwa miaka kadhaa iliyofuata watu wa milima ya Rwenzori walikimbia makazi yao na kulala kambini. Amani ikarudi, kizazi kikakua. Kisha usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha, huko huko Mpondwe, ikashambuliwa. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi.

Baada ya mambo kama hayo fimbo huinuliwa begani. Sisi walimu tunaiona uwanjani wakati wa mapumziko, na wengi wetu hujibu kwa njia moja: tunainyakua fimbo, tunamkemea mtoto, pengine tunamchapa kwa fimbo ile ile. Nadhani tunakosea mara mbili. Kwanza, mtoto anayeigiza jambo lililomtisha si lazima awe analipenda. Mara nyingi anajaribu kulishika ili lisimshike yeye. Pili, tukiichukua fimbo na kumwacha mkono mtupu, hatujamfundisha chochote isipokuwa kwamba mwenye nguvu ndiye hunyang'anya. Somo hilo hata waasi wanalifundisha.

Ni hapa ambapo farasi wa soksi anapata kazi. Katika nchi nyingine alikuwa jamaa wa upanga. Karambi anafika bila historia hiyo. Hakuna bibi wa Karambi aliyewahi kukimbia nyumba yake kwa kusikia kwato. Hakuna kaburi lililochimbwa kwa sababu yake. Yule ambaye kwingine alikuwa mnyama wa vita, hapa ni mnyama wa hadithi tu, na mtoto anaweza kumpeleka atakako. Kutokuwepo kwake, ambako kulitokana na msiba wa mbung'o, kumemfanya asiwe na hatia.

Jinsi ya kumshona

Tafuta soksi moja ya mtu mzima iliyopoteza mwenzake. Katika marundo ya nguo kuukuu, ambazo Waganda huziita *mivumba*, soksi za namna hiyo hazikosekani. Kisigino kitakuwa paji la uso na ncha ya vidole itakuwa pua. Ijaze kwa nguvu mpaka iwe ngumu, maana kichwa kilicholegea huinama baada ya siku mbili. Nyanda za Kasese hulima pamba, zao lililoingizwa Uganda mwaka 1903 ili kuvilisha viwanda vya Uingereza. Konzi chache zikibaki kwa mtoto si hasara. Pasipo pamba, tumia vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo.

Masikio yatokane na mabaki ya fundi cherehani. Kata pembetatu nne, shona mbili mbili kwa ndani, zigeuze, kisha zishone kichwani kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Kwa manyoya ya shingo, kata nyuzi za katani au za sufi zenye urefu wa shubiri moja, uzipange katikati ya shingo na kuzishona kwa mshono wa kurudia nyuma, ili mtoto akizivuta zisitoke. Macho yawe ya vifungo, lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu yatarizi kwa uzi, kwa kuwa kifungo kikichomoka huweza kumezwa au kumkaba.

Fimbo iwe tawi la mbuni lililopogolewa au mti mwingine mwepesi, lenye urefu wa kufika kifuani mwa mtoto, lililoparuzwa mpaka lisiwe na vibanzi. Ingiza ncha yake ndani ya kichwa hadi karibu na paji, zungushia pamba, kisha kaza shingo kwa kamba mara nyingi na kushona juu ya kamba hiyo. Malizia kwa hatamu ya utepe. Kazi yote huchukua jioni moja au mbili, na mtoto akae karibu, apewe kazi ya kujaza pamba na kuchagua jina.

Kama farasi hampendezi, mshonee ng'ombe wa pembe ndefu. Katika wilaya ambayo wakulima na wafugaji wamegombania ardhi kwa miaka mingi, si jambo dogo mtoto wa mkulima kumpanda kwa furaha mnyama wa jirani yake.

Haki, si anasa

Wapo watakaosema kwamba katika nyumba yenye shida ya karo na chakula, kushona kichezeo ni upuuzi. Sheria haioni hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema hivyo hivyo katika kifungu cha 12. Haki hiyo haidai duka la vichezeo. Inadai muda, mahali salama, na mtu mzima asiyeona haya.

Mahali salama ni wajibu wa serikali, na raia wa mpakani wana haki ya kuudai wajibu huo kila siku. Soksi haizuii risasi. Lakini muda na mtu mzima viko mikononi mwetu. Mfalme Agesilaus aliongoza majeshi na kupigana vita vingi. Hata hivyo, alipofika nyumbani aliipanda fimbo pamoja na wanawe. Baba wa Karambi arudiye jioni kutoka shamba la kahawa amechoka, nalijua hilo. Mtoto hamwombi zaidi ya robo saa, na fimbo iko pale mlangoni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja vichezeo vitatu ulivyounda ukiwa mdogo. Kila kimoja kinaeleza nini kuhusu uchumi wa mahali ulipokulia?
2. Ugonjwa wa malale ulibadili vipi makazi ya watu kusini mwa Kasese?
3. Mwalimu amemwona mtoto akicheza bunduki ya mti. Afanye nini, na kwa sababu gani?