Herbert Chitepo: wakili aliyefanya sheria ibadilishwe ili apate ofisi

Wengi wanamkumbuka Herbert Chitepo kwa kifo chake: bomu lililotegwa kwenye gari lake mjini Lusaka, Machi 18, 1975, wakati akiongoza vita vya chama cha ZANU dhidi ya utawala wa Wazungu wachache wa Ian Smith. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuingia vitani alikuwa mwanasheria, na kwamba miaka minne ya kazi hiyo aliifanya Dar es Salaam.

Chitepo alizaliwa Juni 1923 katika wilaya ya Nyanga, mashariki mwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na kusomeshwa na misheni ya Kianglikana ya Bonda. Kutoka hapo alikwenda shule ya Mtakatifu Augustino, Penhalonga, kisha Chuo cha Adams huko Natal, Afrika Kusini, alikohitimu ualimu mwaka 1945. Alifundisha kwa muda mfupi, akarudi darasani. Mwaka 1949 alipata shahada Fort Hare, chuo alichopitia pia Nelson Mandela.

Safari iliyofuata ilikuwa London. Huko alisoma sheria huku akijikimu kwa kusaidia utafiti wa lugha ya Kishona chuoni. Aliporejea nyumbani mwaka 1954, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nchi yake kufuzu uwakili.

Kikwazo kikawa mlango wa ofisi. Sheria ya mgawanyo wa ardhi ya mwaka 1930 iliweka katikati ya mji mkuu, Salisbury, mikononi mwa Wazungu. Mwafrika aliruhusiwa kufanya kazi pale kama mtumishi, si kupanga ofisi yake mwenyewe. Wakili ambaye hana ofisi karibu na mahakama ni wakili wa jina tu. Serikali ikalazimika kuirekebisha sheria hiyo ili Chitepo apate pa kufanyia kazi.

Mahakamani aliwatetea wanasiasa wa Kiafrika, akiwemo Ndabaningi Sithole. Lakini mwaka 1960 ilitungwa sheria ya usalama yenye makali kiasi kwamba Jaji Mkuu, Robert Tredgold, alijiuzulu kwa kuipinga. Mwaka uliofuata Chitepo alikuwa mshauri wa sheria wa kiongozi wa wazalendo, Joshua Nkomo, kwenye mkutano wa katiba. Katiba iliyotoka huko iliwaacha Wazungu wachache wakiendelea kutawala.

Mwaka 1962 alihamia Tanganyika, iliyokuwa huru kwa miezi tu, akawa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Akiwa Dar es Salaam, mwaka 1964 ZANU ilimchagua mwenyekiti wake wa taifa. Mwishoni mwa mwaka uliofuata Smith alitangaza uhuru wa Rhodesia wa upande mmoja. Mwaka 1966 Chitepo aliacha cheo na mshahara, akaenda Zambia kupanga mapambano ya silaha.

Anayedhani Chitepo alikimbilia bunduki kwa pupa na ahesabu miaka. Tangu 1954 alijaribu mahakama, akajaribu meza ya mazungumzo, akatumikia dola huru. Miaka 12 aliipa sheria nafasi yake. Nchini kwake, walioitunga sheria hiyo ndio walioifunga njia ya amani.