Fasihi ya Kale ya Kiswahili: Nani Anasema, Nani Anasemewa?

Kila mwaka tunapoanza somo la fasihi ya kale, wanafunzi wetu wanaotoka Kigwena na Rumonge huuliza: fasihi hii ni ya nani? Vitabu huanzia Pate, hupitia Mombasa, na kuishia Unguja. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina msingi.

Ni kweli kwamba maandishi ya mwanzo yaliyotufikia ni tenzi za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Hata hivyo, huko huko pwani sauti hazikuwa moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga juu ya mapenzi, siasa na dhiki za mjini. Mwana Kupona naye, mwaka 1858, alimuusia bintiye kwa utendi.

Kisha ikaja nathari ya misafara. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, na mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani, alichapisha Safari za Wasuaheli. Kwa njia hiyo bara likaingia katika maandishi. Lakini msemaji ni mfanyabiashara. Wenyeji husimuliwa, hawasimulii. Mtumwa naye alisubiri sana: Uhuru wa Watumwa kilitoka mwaka 1934, na mwandishi wake, James Mbotela, alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa.

Wamarekani nao walipitia hali kama hii. Kwa muda mrefu walifundisha zaidi maandishi ya walowezi wa Kiingereza. Leo masimulizi ya wenyeji wa asili yanasomwa pia, pamoja na mashairi ya Phillis Wheatley, mtumwa aliyetekwa Afrika Magharibi, yaliyochapishwa London mwaka 1773. Mitaala ilipanuka kwa kuwa walimu waliuliza nani hayumo.

Nasi tuulize. Kiswahili kilifika katika ufuko wetu kwa misafara na mitumbwi, na waliokipokea walikuwa na la kusema. Kwa hiyo tunapendekeza kila mwanafunzi, wakati wa likizo, aandike simulizi moja la mzee wake: Kiswahili kiliingiaje nyumbani kwao? Aliandike kwa maneno ya msimulizi, hata yakichanganyika na Kirundi, na ataje mahali na tarehe. Wazee wanaondoka, na simulizi lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.