Damu Iliyotangulia Kusema

Kuanzia miaka ya 1930, majimbo mengi ya Marekani yalidai kwamba kila anayetaka kufunga ndoa apimwe kaswende kwanza. Kipimo kilitokana na kile alichokibuni August Wassermann mjini Berlin mwaka 1906. Wapo mabinti ambao hawakuwa wamewahi kulala na mwanamume, na bado majibu yalirudi yakisema wana kaswende. Hakuna haja ya kueleza karatasi kama ile ilifanya nini ndani ya nyumba ya bibi harusi.

Mpimaji hakuwa amekosea. Kipimo kile hakikumtafuta mdudu wa kaswende mwenyewe. Kilitafuta kingamwili zinazoshika mafuta yaitwayo kadiolipini, ambayo Mary Pangborn aliyatenga mwaka 1941 kutoka kwenye moyo wa ng'ombe. Mwenye kaswende huwa na kingamwili hizo, lakini wapo wengine wanaozitengeneza bila kuambukizwa chochote. Mwaka 1955 Joseph Earle Moore na mwenzake Lutz, huko Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha habari za watu wa namna hiyo waliowafuatilia kwa miaka. Baadhi yao, hasa wanawake, walikuja kuugua lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Damu ilikuwa imeshasema zamani, kabla goti halijavimba wala figo hazijaanza kuharibika, nao waliosikia wakaisikia vibaya.

Nauanza mkasa wa lupasi hapo kwa sababu historia yake nzima imekwenda hivyo: mwili mzima unalalamika, na kila msikilizaji anachukua kipande chake.

Jina lenyewe lilitoka kwenye ngozi. Lupasi kwa Kilatini ni mbwamwitu, na waganga wa Ulaya ya zama za kati waliviita hivyo vidonda vilivyokula uso kana kwamba mnyama ameung'ata. Chini ya jina hilo yalirundikwa maradhi mengi, pamoja na kifua kikuu cha ngozi. Laurent-Théodore Biett, wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, ndiye aliyeanza kuchambua rundo hilo, na mwanafunzi wake Cazenave akaupa ugonjwa huu jina lake kamili mwaka 1851. Miaka michache kabla ya hapo, Ferdinand von Hebra wa Vienna alikuwa ameufananisha upele wa mashavuni na kipepeo: mbawa mbili juu ya mashavu, kiwiliwili juu ya pua.

Mfano huo ni mzuri, ila umetuumiza. Kipepeo yule alichorwa kwenye ngozi nyeupe, akawa mwekundu kwenye vitabu vyote vilivyofuata. Kwenye ngozi yetu hutokea wa zambarau au kijivu, mara nyingi huonekana kama weusi tu uliozidi, na anayesubiri wekundu hatauona. Mgonjwa ataambiwa ni jua, au ni mkorogo.

Mkwe wa Hebra, Moriz Kaposi, alithubutu kutazama chini ya ngozi. Mwaka 1872 alieleza wagonjwa waliokuwa na homa, maumivu ya viungo, tezi zilizovimba na kukonda, na baadhi yao walikufa. Kati ya 1895 na 1904 William Osler alikwenda mbali zaidi: akaonyesha kwamba figo, moyo, mapafu na tumbo vyote huingia katika mkumbo huo, na kwamba shambulio linaweza kuja tena na tena bila upele wowote. Kwangu mimi hilo ndilo neno zito kuliko yote yaliyosemwa juu ya ugonjwa huu katika zama zile. Ila lilikaa bila mrithi wa kulifanyia kazi. Daktari wa figo aliendelea kuona figo, wa moyo akaona moyo. Madaktari Libman na Sacks waliandika mwaka 1924 juu ya vinundu kwenye vali za moyo, na ilichukua muda hata kukubalika kwamba vinundu vile na upele wa Hebra ni watoto wa mama mmoja.

Kilichozuia hasa vipande hivyo kuunganishwa ni imani. Paul Ehrlich, bingwa wa elimu ya kinga, alikuwa amefundisha tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mwili una hofu ya kujitia sumu, hivyo hauwezi kuzielekeza silaha zake kwake wenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi kuliko waliomnukuu, lakini fundisho lilishika.

Lilitikiswa mwaka 1948 katika Mayo Clinic, Minnesota. Malcolm Hargraves, pamoja na Helen Richmond na Robert Morton, walikuwa wakitazama uboho wa wagonjwa wa lupasi kwenye hadubini wakakuta seli nyeupe zenye kitu cha ajabu tumboni: kiini cha seli nyingine, kilichomezwa kizima, kikavimba na kulainika kama tonge la ugali uliolowa. Muda si mrefu John Haserick wa Cleveland akaonyesha kwamba ukichukua maji ya damu ya mgonjwa na kuyachanganya na uboho wa mtu mzima wa afya, jambo lile lile hutokea. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye uboho. Ndani ya damu kulikuwa na kitu kinachokishika kiini cha seli, kiini chochote, na kukitayarisha kuliwa.

Mwaka 1957 George Friou alikifanya kitu hicho kionekane, na makundi kadhaa ya watafiti yakatangaza karibu wakati mmoja kwamba miongoni mwa kingamwili hizo zipo zinazoshika DNA yenyewe. Kazi ya Friou bado inafanyika kila siku katika maabara kubwa. Fundi huchukua slaidi yenye seli zilizooteshwa, anadondoshea seramu ya mgonjwa iliyozimuliwa mara 80, anasubiri, anaosha, kisha anaongeza rangi inayonata juu ya kingamwili za binadamu. Anazima taa. Kama kingamwili zipo, viini vya seli vinawaka kijani gizani, na namna vinavyowaka ina maana. Kiini kikijaa kijani sawasawa kote, fundi huwazia DNA na lupasi. Kikiwa na madoadoa kama yai la kanga, huwazia protini nyingine za kiini. Kikiwa na nukta ndogo zinazoweza kuhesabika moja moja, fikra inahamia kwenye ugonjwa mwingine kabisa, ule unaokakamaza ngozi ya vidole.

Madoadoa yalipochunguzwa yalipewa majina ya ajabu. Mwaka 1966 Eng Tan na Henry Kunkel walitenga shabaha moja wakaiita Sm, herufi mbili za kwanza za jina la ukoo la mgonjwa aliyewapa damu. Ro na La ziliitwa kwa njia hiyo hiyo. Na kila moja ikaonekana kuwa na njia yake mwilini. Zinazoshika DNA, zikipanda, huonya juu ya figo. Za Ro huandamana na ngozi isiyovumilia jua na macho makavu, na kwa mjamzito huweza kuvuka kondo na kuharibu nyaya za moyo wa mtoto, hata mapigo yakashuka akiwa bado tumboni. Hilo hutokea kwa mtoto mmoja au wawili kati ya 100 wa mama wenye kingamwili hizo. Na zile za kadiolipini, zilizowaaibisha mabibi harusi? Mwaka 1983 Graham Hughes na wenzake wa London walizifungamanisha na damu kuganda ovyo, kiharusi kwa vijana, na mimba zinazoharibika mara kwa mara.

Hata tiba ina mkasa wake. Payne wa London aliwapa wagonjwa kwinini mwaka 1894, na leo haidroksiklorokwini, binamu wa dawa yetu ya zamani ya malaria, ndiyo nguzo ya matibabu. Malaria yenyewe nayo imehusishwa: mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa Ibadan, Nigeria, aliona kwamba magonjwa ya namna hii ni nadra pale, akadhani vimelea kama malaria huenda vinaifanya kinga ishughulike kwingine. Dhana hiyo ni ya kuheshimiwa. Ila mahali ambapo kila homa ni malaria na kila goti ni baridi yabisi, unadra mwingine hutokana na kutotazama.

Wala karatasi ya maabara peke yake haitoshi. Tan na wenzake walipopima watu wenye afya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba seramu ikizimuliwa mara 40, karibu mtu mmoja kati ya watatu huwaka. Mara 160, ni watu 5 kati ya 100. Kuwaka kijani si kuugua. Mwenye kuugua ni yule ambaye kijani kile kinakutana na kidonda cha mdomoni, nywele zinazokatika, povu kwenye mkojo na uchovu usioondoka kwa kulala.

Hata hivyo, damu hutangulia kweli. Jeshi la Marekani huhifadhi seramu za askari wake kwenye barafu. Mwaka 2003 Melissa Arbuckle na wenzake walizitoa za askari 130 waliokuja kuugua lupasi, wakazipima kurudi nyuma. Kwa 88 kati ya kila 100, kingamwili zilikuwepo kabla ya ugonjwa kutambuliwa, wengine kwa zaidi ya miaka tisa. Zilikuja kwa zamu: za Ro na kadiolipini mapema, za DNA baadaye, za Sm karibu na siku ya kuanguka.

Tiba nayo imesonga mbele. Mwaka 2021, huko Erlangen, Ujerumani, kundi la Georg Schett lilitangaza habari za msichana wa miaka 20 ambaye seli zake mwenyewe za kinga zilitolewa, zikafundishwa kuwinda seli B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, zikarudishwa mwilini. Mwaka uliofuata walieleza wagonjwa watano. Seli B zao zilipotea, zikarudi baada ya miezi mitatu au minne zikiwa changa, na ugonjwa haukurudi nazo katika muda waliofuatiliwa. Kingamwili za chanjo zao za zamani zilibaki kwa sehemu kubwa. Zilizotoweka ni zile zilizokuwa zikishika DNA.