Msalaba wa Victoria

Msalaba wa Victoria ni nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika majeshi ya Uingereza. Baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Australia na New Zealand, nazo zina Msalaba wao wa jina hilo hilo. Hupewa askari wa cheo chochote, wa nchi kavu, majini au angani, aliyetenda tendo la ushujaa wa kupindukia mbele ya adui. Tangu Malkia Victoria auanzishe tarehe 29 Januari 1856, umetolewa zaidi ya mara 1,350. Watu watatu tu wameupata mara mbili: madaktari wawili wa jeshi, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse, na ofisa wa New Zealand, Charles Upham. Ardhi ya Afrika Mashariki imo katika historia yake tangu 1914, ingawa waliovishwa kwa vita vya huku hawakuwa wenyeji wa huku.

Chanzo

Nishani hii ni zao la Vita vya Krimea. Hadi wakati huo heshima kubwa za kijeshi zilikuwa za maofisa wa ngazi za juu, na askari wa kawaida aliyesimama imara kwenye handaki alirudi nyumbani na jeraha lake. Katika Krimea, kwa mara ya kwanza, waandishi wa magazeti waliwafuata wanajeshi hadi karibu na mapigano, na wasomaji wa London wakaanza kusikia habari za watu wasio na vyeo. Malkia na mumewe, Albert, walitaka nishani isiyojali cheo, urefu wa utumishi wala idadi ya majeraha. Sharti likawa moja, nalo ni tendo lenyewe.

Tendo la kwanza kabisa kutambuliwa lilifanyika kwenye Bahari ya Baltiki tarehe 21 Juni 1854. Kombora lenye utambi unaowaka lilidondoka kwenye sitaha ya meli ya Hecla, na Charles Lucas, ofisa kijana, akaliinua kwa mikono akalitupa baharini. Lililipuka kabla halijazama. Sherehe ya kwanza ya kuwavisha mashujaa ilifanyika Hyde Park, London, tarehe 26 Juni 1857. Walikuwa 62, na malkia aliwabandika nishani akiwa amekaa juu ya farasi.

Umbo lake halina mbwembwe. Ni msalaba wa shaba nyeusi kiasi, wenye upana wa milimita 36, unaoning'inia kwenye utepe wa rangi nyekundu iliyokoza. Una simba, taji, na maneno mawili ya Kiingereza yanayosema kwamba umetolewa kwa ushujaa. Rasimu ya kwanza ilisema umetolewa kwa walio mashujaa. Malkia aliikataa, kwani ingemaanisha kwamba wasiovaa msalaba si mashujaa. Tarehe ya tendo huchongwa mgongoni. Watengenezaji ni sonara wale wale, Hancocks wa London, tangu mwanzo. Inasimuliwa kwamba shaba yake ni ya mizinga ya Kirusi iliyotekwa Sevastopol, lakini uchunguzi wa madini umeonyesha kwamba misalaba mingi ya tangu Vita Kuu ya Kwanza ilitoka kwenye mizinga iliyotengenezwa China. Hekaya nzuri haifi kirahisi, na vitabu vingi bado vinairudia.

Namna unavyopatikana

Msalaba hauombwi na mhusika. Kamanda wa kikosi huandika pendekezo, hukusanya ushahidi wa maandishi wa watu walioliona tendo, kwa kawaida watatu au zaidi, kisha faili hupanda ngazi hadi kwa mfalme au malkia. Ngazi yoyote yaweza kulikataa, au kulishusha likawa la nishani ya chini. Uamuzi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, pamoja na maelezo mafupi ya tendo.

Utaratibu huu unaeleza mengi kuhusu nani yumo na nani hayumo. Shujaa aliyekufa peke yake gizani hana faili. Kikosi kilichofyekwa chote hakina mashahidi. Askari ambaye ofisa wake hajui kusema lugha yake, au hajui jina lake la pili, ana nafasi finyu ya kuandikiwa ukurasa mzima wa sifa. Waasisi waliliona tatizo mojawapo, la kikosi kizima kilichopigana kwa ushujaa sawa, wakaruhusu wanajeshi wenyewe wapige kura kumchagua atakayevaa kwa niaba ya wenzake. Kura hiyo ilitumika mara ya mwisho 1918, baada ya shambulio la bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji.

Kwa miaka mingi aliyekufa katika tendo lenyewe hakupewa. Hilo lilibadilika mwanzoni mwa karne ya 20. Vita Kuu ya Kwanza ilitoa misalaba 628, ya Pili 182.

Mwanzoni pia ilikuwa kawaida kumnyang'anya nishani aliyepatikana na hatia ya uhalifu, na wanane walipokonywa kati ya 1861 na 1908. Mfalme George V alilichukia jambo hilo. Mwaka 1920 katibu wake aliandika kwamba hata mwenye Msalaba akihukumiwa kunyongwa kwa kuua, aruhusiwe kuuvaa akielekea kitanzini. Tangu wakati huo hajapokonywa mtu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Songea

Vita vya 1914 hadi 1918 kati ya Waingereza na Wajerumani vilipita katika nchi ambazo leo ni Tanzania na Kenya, na misalaba ikafuata. Wa kwanza ulipatikana bandarini Dar es Salaam tarehe 28 Novemba 1914. Henry Peel Ritchie, ofisa wa meli ya Goliath, aliingia bandarini na mashua kuharibu meli za Kijerumani zilizotia nanga. Wakati wa kutoka mvua ya risasi ilimkuta akishika usukani yeye mwenyewe. Alijeruhiwa mara nane ndani ya dakika 25, na jeraha la nane ndilo lililomwangusha.

Maktau, kwenye njia ya Taveta, Luteni Wilbur Dartnell alipigwa risasi ya mguu tarehe 3 Septemba 1915. Walipokuwa wakimbeba, aliona kwamba majeruhi wengine walikuwa katika hali isiyoruhusu kuwasogeza, na adui amekaribia. Akaamuru aachwe nao ili ajaribu kuwalinda. Aliuawa, na kaburi lake liko Voi. Huko Mlali, karibu na Morogoro, Kapteni William Bloomfield alirudi Agosti 1916 kumchukua koplo aliyesahaulika nyuma, akivuka uwanja wazi wa yadi 400 chini ya moto mkali. Karibu na Songea, Februari 1917, Sajenti Frederick Booth aliingia peke yake porini kumtoa majeruhi, kisha akawapanga upya askari Waafrika waliokuwa wametawanyika na kuwarudisha mstarini.

Hao wote ni Wazungu. Waliobeba risasi, unga na majeruhi katika vita hivyo walikuwa wapagazi Waafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na ambao jina la kikosi chao lilibaki Kariakoo. Hakuna Msalaba uliokwenda kwao. Katika miaka ya 1920 Waingereza walisimamisha sanamu za ukumbusho Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Sanamu hizo hazina jina la mtu.

Keya na siku ya Colito

Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya, lilipigana katika vita vyote viwili. Katika Vita Kuu ya Pili lilikwenda Abyssinia, Madagaska na Burma. Tendo lake linalojulikana zaidi ni la Sajenti Nigel Leakey, Mzungu aliyezaliwa Kenya, binamu wa Louis Leakey mtafiti wa Olduvai.

Tarehe 19 Mei 1941 kikosi chake kilikuwa kimevuka Mto Billate karibu na Colito, kusini mwa Abyssinia, bila silaha yoyote ya kuvunja vifaru. Ghafla vifaru vya Waitaliano vikatokea vichakani, vikimiminia risasi watu waliokuwa wameshikilia ng'ambo ya mto. Leakey alikuwa amemaliza makombora ya mota yake. Alirukia kifaru kilichokuwa kinakuja kutoka nyuma, akafungua kifuniko cha juu kwa nguvu, akawapiga waliomo kwa bastola, akamwacha dereva tu na kumlazimisha kukiegesha mahali penye kificho. Mzinga wa kifaru hicho ulikataa kufyatuka. Akashuka, akakimbilia vingine kwa miguu. Viwili vikapita, cha tatu akakirukia na kumuua mmoja ndani yake, ndipo kifaru cha nne kilipompiga kwa bunduki ya rashasha. Jina lake limo katika kumbukumbu ya waliofariki vitani huko Nairobi.

Tangazo la Msalaba wake lilitoka Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Linasema kwamba alipovifuata vifaru kwa miguu aliandamana na sajenti-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu watatu walikimbia naye, bila kinga, kuelekea vifaru vile vile. Wametajwa kwa cheo, hawakutajwa kwa jina. Anayesoma tangazo hilo kwa Kiswahili hawezi kuupita mstari huo haraka.

Miezi tisa kabla ya Colito, katika Somalia ya Waingereza, Kapteni Eric Wilson alishikilia kilima huko Tug Argan kwa siku kadhaa za Agosti 1940 na bunduki za rashasha, akiwa na malaria, bega limejeruhiwa na miwani imevunjwa. Alidhaniwa amekufa na akapewa Msalaba kama marehemu. Kumbe alikuwa mfungwa wa Waitaliano Eritrea, na habari alizipata kwa mfungwa mwenzake. Baada ya vita alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika hadi 1961. Alifariki 2008 akiwa na miaka 96.

Kwamba hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyevishwa Msalaba hakuwezi kuelezwa kwa rangi peke yake kama sheria, kwani hati ya 1856 haikuwa na kifungu hicho. William Hall, Mkanada mweusi, aliupata kwa tendo la 1857 huko India. Samuel Hodge wa kikosi cha West Indies aliupata kwa vita vya Gambia 1866. Wahindi walifunguliwa mlango 1911, na miaka mitatu baadaye Khudadad Khan akawa wa kwanza wao. Mfiji, Sefanaia Sukanaivalu, aliupata 1944 baada ya kufa. Kwa askari wa Afrika zilikuwepo nishani nyingine, za ngazi ya chini, na ofisa aliyetaka kumsifu askari wake alijua mapema faili la aina gani litapita. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mlango ulipofungiwa, mezani kwa wakubwa kabla ya kufika London.

Vita vya kisasa

Tangu 1945 Msalaba umekuwa adimu. Uingereza iliutoa mara nne kwa vita vya Korea, mara moja kwa Rambahadur Limbu, Mgurkha aliyepigana Borneo 1965, na mara mbili kwa vita vya Falkland 1982, wote wawili wakiwa wamekufa. Wengi walidhani hatapatikana tena anayeuvaa akiwa hai.

Johnson Beharry alizaliwa Grenada na alikuwa dereva wa gari la deraya la aina ya Warrior. Tarehe 1 Mei 2004, katika mji wa Al-Amarah nchini Iraki, msafara wao ulivamiwa kwa maroketi ya kurusha begani. Kamanda wa gari lake na wengine walijeruhiwa, mawasiliano yakakatika, moshi ukajaa ndani. Beharry alifungua kifuniko, akaendesha kichwa kikiwa nje ili aone njia, akiongoza magari mengine kutoka mtegoni. Risasi ilipenya kofia yake ya chuma na kukwama upande wa ndani. Alipofika salama alipanda juu ya gari linaloungua, chini ya risasi, akawatoa majeruhi mmoja mmoja. Tarehe 11 Juni roketi nyingine ililipuka karibu na kichwa chake. Akiwa na majeraha mabaya ya fuvu alilirudisha gari nyuma hadi likatoka hatarini, ndipo akapoteza fahamu. Alivishwa 2005.

Afghanistan ilitoa mitatu ya Uingereza. Bryan Budd na James Ashworth walikufa. Wa tatu, Joshua Leakey, alikuwa hai, na ni wa ukoo mmoja na Nigel wa Colito. Mwaka 2013, katika mkoa wa Helmand, alipanda na kushuka mlima mara kadhaa chini ya moto wa adui kuokoa majeruhi na kurudisha bunduki za rashasha kazini. Willie Apiata wa New Zealand, aliyembeba mwenzake majeruhi katika mapigano ya usiku ya 2004, naye ni wa vita hivyo.

Walio hai hulipwa posho na serikali ya Uingereza. Ilianza kama pauni 10 kwa mwaka, na mwaka 2015 ilipandishwa hadi pauni 10,000. Misalaba yenyewe huuzwa minadani kwa bei kubwa, na tajiri mmoja Mwingereza, Michael Ashcroft, amekusanya zaidi ya 200.

Kutoa Msalaba kwa tendo la zamani ni jambo ambalo Uingereza hulikwepa. Australia imelegeza. Mwaka 2020 ilimpa Teddy Sheean, baharia wa miaka 18 aliyejifunga kwenye bunduki ya meli yake ya Armidale iliyokuwa ikizama Desemba 1942, akaendelea kuzifyatulia risasi ndege za Kijapani hadi maji yakamfunika. Walionusurika walisimulia kisa hicho kwa miaka 78, na familia yake ilisukuma faili.

Kwa askari wa Keya hakukuwa na anayesukuma. Mtafiti anayetaka majina yao ayatafute katika orodha za Medali ya Kijeshi na Medali ya Mwenendo Bora wa Vitani, ambako yamo kwa cheo, namba na kikosi.