Giaboksi ya klachi mbili katika magari ya michezo

Giaboksi ya klachi mbili (kifupi: DCT) ni aina ya giaboksi ya gari yenye klachi mbili badala ya moja. Klachi moja huhudumia gia za namba witiri (1, 3, 5 na 7), na nyingine huhudumia gia za namba shufwa (2, 4 na 6). Kazi ya kubadilisha gia hufanywa na kompyuta, na dereva hana pedali ya klachi. Giaboksi hii iliingia katika magari ya kawaida mwaka 2003, na tangu 2007 imeenea sana katika magari ya michezo yenye nguvu kubwa.

Viwanda vingi vya magari huipa giaboksi hiyo jina lao wenyewe: Porsche huiita PDK, Audi huiita S tronic na BMW iliiita M DCT. Hata hivyo, mara nyingi giaboksi yenyewe hutengenezwa na kampuni nyingine. Kampuni zenye ujuzi huo ni chache, na ndiyo maana magari yanayoshindana sokoni yanaweza kuwa na giaboksi zilizotoka kwa mtengenezaji mmoja.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika giaboksi ya mkono, dereva hukanyaga klachi ili kutenganisha injini na giaboksi, huhamisha gia, kisha huachia klachi. Kwa muda huo mfupi magurudumu hayapati nguvu ya injini.

Giaboksi ya klachi mbili huondoa pengo hilo. Ndani yake mna shafti mbili za kuingiza nguvu. Moja ina uwazi katikati kama bomba, na nyingine hupita ndani ya uwazi huo. Kila shafti ina klachi yake. Gari likiwa kwenye gia ya 3, kompyuta huwa imekwisha kuandaa gia ya 4 kwenye shafti ya pili. Wakati wa kubadilisha ukifika, klachi ya kwanza huachia huku ya pili ikishika, na nguvu huendelea kufika kwenye magurudumu karibu bila kukatika.

Klachi zinazotumika ni za aina mbili:

- Klachi kavu hupozwa na hewa. Ni nyepesi na hazipotezi nguvu nyingi, lakini hupata joto haraka gari linapotambaa kwenye foleni au kupanda mlima polepole.
- Klachi za ndani ya oili hupozwa na oili inayozungushwa na pampu. Ni nzito zaidi, lakini huhimili nguvu kubwa. Kwa sababu hiyo magari mengi ya michezo hutumia aina hii.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuoanisha klachi hizo mbili. Zikishika zote kwa pamoja kwa nguvu, gia mbili hushindana na giaboksi inaweza kuharibika. Ya pili ikichelewa kushika, nguvu hukatika na gari hushtuka. Kazi hiyo hutegemea vali za haidroliki, sensa na programu ya kompyuta.

Historia

Wazo la giaboksi ya klachi mbili linahusishwa na mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse (1879–1943), ambaye awali aliwahi kuhudumia magari ya Tsar Nikolai II wa Urusi. Katika miaka ya 1930 alibuni giaboksi ya aina hiyo kwa ajili ya gari la Citroën Traction Avant, lakini haikufikia hatua ya kutengenezwa kiwandani. Wakati huo hakukuwa na vifaa vya elektroniki vya kuongoza klachi mbili kwa usahihi.

Katika miaka ya 1980 Porsche iliifufua kazi hiyo kwenye mashindano. Giaboksi ya PDK ilifungwa katika magari ya mbio ya Porsche 956 na 962, na mwaka 1986 gari la 962 lenye PDK lilishinda mbio za Monza nchini Italia. Audi nayo iliijaribu kwenye gari lake la rali, Sport Quattro S1. Dereva aliweza kubadilisha gia bila kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, lakini giaboksi hiyo ilikuwa nzito na elektroniki za wakati ule hazikutosha kwa matumizi ya kila siku.

Mwaka 2003 Volkswagen ilitoa Golf R32 yenye giaboksi ya DSG, gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi lenye klachi mbili. Giaboksi ilitengenezwa katika kiwanda cha Volkswagen cha Kassel, huku teknolojia ya klachi na uongozaji wake ikitoka kwa kampuni ya Marekani ya BorgWarner. Mgawanyo huo wa kazi uliendelea kuonekana baadaye, kwani hata kiwanda kikubwa chenye uwezo wa kutengeneza gia zake hakikumiliki ujuzi wote.

Sababu za kununua kutoka nje

Kubuni giaboksi mpya hudai wahandisi wengi, mashine maalumu za kukata na kunoa meno ya gia, majaribio ya miaka kadhaa na programu ndefu ya kompyuta. Gharama hizo hazipungui sana hata kama magari yatakayouzwa ni machache. Mfano wa wazi ni Bugatti Veyron, ambayo ilitengenezwa kwa idadi ya magari 450 tu.

Kampuni maalumu ya giaboksi huweza kugawa gharama hizo kwa wateja wengi. Maarifa yaliyopatikana kwa mteja mmoja, kama vile namna ya kupoza klachi au kupunguza kelele za gia, husaidia pia katika kazi ya mteja anayefuata. Kiwanda cha gari nacho hubaki na fedha na wahandisi kwa ajili ya injini, bodi na umbo la gari, yaani mambo ambayo mnunuzi huyaona kwanza.

Njia za kupata giaboksi

Viwanda vya magari ya michezo vimetumia njia kuu nne.

Kununua kutoka kwa kampuni maalumu. Hii ndiyo njia iliyotumika zaidi. Kampuni hutoa giaboksi iliyobuniwa kwa ajili ya gari fulani au kurekebishwa kutoka aina iliyopo. Uwiano wa gia, umbo la kasha na mahali pa kufungia hupangwa kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Kuagiza kazi ya kihandisi. Kwa ajili ya Veyron, Bugatti ilikwenda kwa kampuni ya Uingereza ya Ricardo. Injini ya gari hilo ilitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1,250. Ricardo ilibuni na kutengeneza giaboksi ya gia saba kwa ajili ya gari hilo, na iliendelea kuwa mtengenezaji wa giaboksi ya Bugatti Chiron iliyofuata mwaka 2016.

Kutumia kundi la kampuni. Kiwanda kilicho ndani ya kundi kubwa huweza kushiriki giaboksi na ndugu zake. Lamborghini Huracán ya mwaka 2014 na Audi R8, zote za kundi la Volkswagen, zilitumia giaboksi ya asili moja. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ilipata giaboksi yake kutoka Aichi Machine Industry, kampuni tanzu ya Nissan, huku BorgWarner ikitoa klachi na sehemu za uongozaji.

Kutengeneza ndani ya kiwanda. Honda ilitengeneza yenyewe giaboksi ya gia tisa ya NSX ya mwaka 2016. Koenigsegg ya Uswidi, ambayo ni kampuni ndogo, ilikwenda mbali zaidi: kwa ajili ya gari la Jesko lililooneshwa mwaka 2019 ilibuni giaboksi ya gia tisa yenye klachi saba, ili gari liweze kuruka gia kadhaa kwa mara moja.

Kampuni kuu

Getrag. Kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1935. Ilitengeneza giaboksi za klachi mbili za Ferrari California (2008), Ferrari 458 Italia, BMW M3 ya mwaka 2008, Mitsubishi Lancer Evolution X, Mercedes-Benz SLS AMG na Ford GT ya mwaka 2017. Mwanzoni mwa 2016 ilinunuliwa na Magna ya Kanada. Chini ya Magna ilitoa giaboksi ya gia nane ya Ferrari SF90 Stradale.

Graziano. Kampuni ya Italia iliyo karibu na jiji la Torino. Ilitengeneza giaboksi ya gia saba ya McLaren MP4-12C (2011) pamoja na ile ya Audi R8 na Lamborghini Huracán. Ilikuwa sehemu ya kundi la Oerlikon la Uswisi, na mwaka 2019 ilinunuliwa na Dana ya Marekani.

ZF. Kampuni ya Friedrichshafen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1915 ili kutengeneza gia za ndege-puto za Zeppelin. Hutengeneza PDK ya Porsche katika kiwanda chake cha Brandenburg an der Havel. Porsche 911 ilipata PDK ya gia saba mwaka 2008, na ya gia nane mwaka 2019.

Tremec. Kampuni ya Meksiko inayomilikiwa na kundi la KUO. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa giaboksi za mkono za magari ya Kimarekani. Mwaka 2012 ilinunua kitengo cha kampuni ya Hoerbiger nchini Ubelgiji kilichokuwa na ujuzi wa klachi na haidroliki, na hivyo ikaingia katika klachi mbili. Giaboksi zake zimo katika Chevrolet Corvette C8, Ford Mustang Shelby GT500 ya mwaka 2020 na Maserati MC20.

BorgWarner na LuK. Hizi hutoa zaidi sehemu za ndani, hasa klachi zenyewe, kwa watengenezaji wa giaboksi.

Kinachobaki kwa kiwanda cha gari

Giaboksi za asili moja hazimpi dereva hisia ileile. SLS AMG ilikuwa na injini mbele na giaboksi nyuma, zikiunganishwa na shafti ya nyuzi za kaboni. 458 Italia ilikuwa na injini na giaboksi nyuma ya dereva. Magari hayo mawili yalitumia giaboksi za Getrag, lakini mpangilio, uwiano wa gia na programu vilitofautiana.

Programu ndiyo huamua klachi ishike kwa ukali kiasi gani, gia ibadilike lini, na gari liondokeje kwa kasi kutoka mahali liliposimama. Viwanda huilinda sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayolipa gari tabia yake hata pale vyuma vya ndani vinapofanana na vya mshindani.

Changamoto

Utegemezi. Kiwanda hakiwezi kubadilisha mtengenezaji wa giaboksi kwa urahisi katikati ya maisha ya gari, kwa kuwa kasha, mfumo wa kupoza na programu vimeunganishwa na gari zima. Mtengenezaji akiuzwa, kama ilivyotokea kwa Getrag na Graziano, wateja wake wote hujikuta wakifanya kazi na mmiliki mpya.

Matengenezo. Giaboksi ya klachi mbili huhitaji oili maalumu na kompyuta ya kupimia hitilafu. Kwa baadhi ya magari, karakana zilielekezwa kubadilisha giaboksi nzima hata pale sensa moja ilipoharibika, na gharama ikawa kubwa kwa mmiliki. Hali hiyo imezaa mafundi huru waliobobea katika kufungua na kukarabati giaboksi hizi.

Sifa. Matatizo ya klachi kavu katika magari ya kawaida yalichafua jina la teknolojia nzima. Mwaka 2013 Volkswagen iliyarudisha karakanani zaidi ya magari 384,000 nchini China kwa sababu ya hitilafu za DSG. Mwaka 2018 mahakama nchini Australia iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja waliolalamikia giaboksi ya PowerShift.

Wapenzi wa giaboksi ya mkono. Mwaka 2013 Porsche 911 GT3 ilitolewa ikiwa na PDK pekee, na wateja wengi walilalamika. Giaboksi ya mkono ilirudishwa katika GT3 mwaka 2017. Corvette C8, kwa upande wake, haikupewa giaboksi ya mkono kabisa.

Mwelekeo wa baadaye

Baadhi ya viwanda vimeiacha teknolojia hii. Giaboksi otomatiki za kawaida, zinazopitisha nguvu kwa njia ya oili inayozunguka, zimekuwa na kasi kubwa zaidi ya kubadilisha gia kuliko zamani, nazo ni laini kwenye foleni. BMW M5 ya mwaka 2017 iliachana na klachi mbili na kuchukua giaboksi otomatiki ya ZF yenye gia nane. Mercedes-AMG GT ya kizazi cha pili, ya mwaka 2023, nayo haina tena klachi mbili.

Katika magari yenye injini pamoja na mota za umeme, giaboksi ya klachi mbili imepata kazi mpya. Ferrari SF90 Stradale haina gia ya rivasi, kwani mota za umeme ndizo hurudisha gari nyuma, na hivyo uzito umepunguzwa. McLaren Artura hutumia njia hiyohiyo. Magari yanayotumia umeme pekee kwa kawaida hayahitaji giaboksi ya gia nyingi, na kwa hiyo soko la kampuni hizi linategemea muda ambao injini za mafuta zitaendelea kutumika katika magari ya michezo.