Kisanduku Kilichokwisha Kutiwa Alama

Mtu aliyeingia saiba mjini Lubumbashi kati ya miaka ya 2008 na 2014, akaketi mbele ya kompyuta iliyokwisha kupitiwa na mikono ya wanafunzi, ya wachuuzi wa madini na ya akina mama waliokuja kuwaandikia watoto wao walioko Ubelgiji, aghalabu alikuta jambo moja: juu ya kivinjari, mahali palipostahiki kuwa na mstari mmoja tu wa kuandikia anwani, palipandana pau za zana tatu au nne, kila mmoja na nembo yake, na nafasi yake ya kutafutia, na vitufe vya kutangaza hali ya hewa ya miji ya mbali, hata ukurasa aliokuja kuusoma, ambao alikuwa akiulipia kwa saa, ukabakiwa na nusu ya kioo. Hapakuwa na aliyekiri kuziweka. Mwenye saiba aliwatuhumu wateja, wateja wakamtuhumu mwenye saiba, na wote wawili walikuwa wakitupiana dhima ya kitendo kilichokuwa kimepangwa mbali sana na Katanga, na watu ambao hawakuwahi kufikiri nani angekilipia.

Asili ya vitu hivi haikuwa shari. Mwaka 1997, Microsoft walipotoa toleo la nne la Internet Explorer, walitia ndani yake mlango wa kuwawezesha waandishi wengine wa programu kushikamanisha kazi zao na kivinjari, zikawa zinaamka nacho kila kinapofunguliwa na kuona kila ukurasa kinaouona. Na toleo la tano, lililotoka 1999, likarahisisha kuweka pau za watu wengine pale juu. Mlango ule haukuwekewa bawabu. Waliotangulia kuupita walikuwa watu wa heshima: Brewster Kahle na Bruce Gilliat, waasisi wa Alexa Internet ya San Francisco, walitoa upau uliomwarifu msomaji habari za ukurasa alio nao na kumwonyesha kurasa nyingine za jinsi hiyo, ingawa hata wao, kwa kufanya hivyo, walikuwa wakikusanya nyayo zake; na Google, Desemba 2000, wakatoa upau wao, ambao baadaye ulipata kuzuia madirisha ya matangazo yaliyokuwa yakichomoza yenyewe. Aliyekuwa nao aliutaka, akautafuta, akaupakua kwa hiari yake, na siku aliyouchoka aliuondoa bila ugomvi.

Ila tijara haikukawia kuuona mlango ule. Tangu 27 Oktoba 1994, siku jarida la HotWired la Marekani lilipotokea likiwa na matangazo ya mstatili katika kurasa zake, ilikuwa imedhihirika kwamba macho ya msomaji yana bei. Kampuni ya Gator, iliyoanzishwa 1998, iliwapa watu programu ya bure ya kuwahifadhia nywila na kuwajazia fomu, na badala ya fadhila hiyo ikawa inatazama kurasa wanazopitia na kuwaletea matangazo, mengine yakikaa juu kabisa ya matangazo ambayo mwenye ukurasa aliyauza kwa pesa yake. Mwaka 2002 wenye magazeti makubwa ya Marekani, wakiwamo Washington Post na New York Times, waliipeleka mahakamani. Mwaka uliofuata wakapatana, na kampuni ikajibadili jina ikajiita Claria. Na mwaka 2006 ikaiacha biashara ile. Kwa wakati huo, walakini, wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuenea.

Nguzo ya biashara yenyewe ilikuwa ujira wa kila usakinishaji. Mwenye upau alimlipa aliyemsambazia senti kadhaa kwa kila kompyuta iliyoupokea, na msambazaji, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa programu za bure za kuchezea muziki, kufungulia mafaili yaliyobanwa au kupakulia filamu, akawa dalali asiyeulizwa mteja alipatikanaje. Upau ukishaingia, ulibadilisha ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji, hata kila swali aliloandika mtu likapitia kwanza katika ukurasa uliojaa matangazo, na kila tangazo lililobofywa likazaa senti nyingine za kugawana. Mtu asidhani ilikuwa biashara ya vichochoroni. Kampuni ya Conduit ya Israeli, iliyoanzishwa 2005 na ambayo pau zake zilienea dunia nzima, ilipata mwaka 2012 fedha za benki ya JPMorgan kwa hesabu iliyoikadiria thamani ya zaidi ya dola bilioni moja.

Hila iliyoitegemeza mali yote hiyo ilikuwa ndogo mno, nami naona ndiyo kiini cha tarikhi hii. Ilikuwa kisanduku. Katika hatua ya tatu au ya nne ya kusakinisha programu, mkono unapokuwa umekwisha kuzoea kubofya kitufe cha kuendelea, palitokea kisanduku ambacho kimekwisha kutiwa alama, na kando yake maneno madogo yakisema kwamba mtumiaji anakubali kuongezewa upau fulani na kubadilishiwa ukurasa wake wa mwanzo. Asiyeiondoa alama ile alihesabiwa kuwa ametoa ridhaa. Wengine walikificha kisanduku nyuma ya chaguo lililoitwa la mafundi, wakaacha mbele njia iliyoitwa ya kupendekezwa, hata mtu wa kawaida, kwa kuwa na adabu ya kufuata mapendekezo, akajikuta amekubali asichokiona. Java, programu ambayo mtu hakuweza kuikwepa kwa kuwa kurasa nyingi za benki na za serikali ziliitaka, ilikuja kwa miaka mingi ikiambatana na upau wa injini ya utafutaji ya Ask. Na mwezi wa Januari 2013 mwandishi Ed Bott aliwaarifu wasomaji wake, kwa ithibati, kwamba upau ule ulingoja takriban dakika kumi baada ya Java yenyewe kumaliza ndipo ukajisakinisha, kiasi kwamba aliyegundua kosa na kwenda mara moja kuuondoa asingeukuta katika orodha. Mtu anayengoja mwenzake aondoke ndipo atimize makubaliano yao anajua fika kwamba hayo si makubaliano.

Fikiri sasa mkataba huo ulimfikia nani. Huku kwetu mtu huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, akasoma Kifaransa shuleni, na programu ikamjia kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa cha mawakili ambacho hata karani mzoefu hukipita. Zilikuwapo juhudi za kuileta kompyuta katika lugha yetu: mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na Microsoft nao hawakukawia kuitafsiri Windows, lakini hakuna aliyewahi kutafsiri kisanduku. Na gharama yake haikuwa ya kero tu. Kabla ya mikongo ya baharini, yaani SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam 2009 na WACS uliozinduliwa Muanda 2013, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hizi ilishuka kutoka satelaiti, nyembamba na ghali. Na hata baadaye, mtu wa Katanga alinunua mega zake kwa kadiri, akazihesabu kama anavyohesabu unga. Upau uliopakua matangazo nyuma ya pazia, ukapeleka habari za safari zake na kujisasisha kila asubuhi, ulikula mega hizo hizo. Mtu wa Chicago aliyelipia intaneti kwa mwezi alipoteza subira. Wa hapa alipoteza fedha.

Waliosimama kuupinga uovu huu, wengi wao hawakuwa makampuni bali watu binafsi waliokasirika. Mwaka 2000 Steve Gibson wa California, baada ya kukuta kompyutani mwake programu ya matangazo ambayo hakuialika, aliandika OptOut, mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za kuzifukuza. Mjerumani Patrick Kolla akatoa Spybot. Mholanzi Merijn Bellekom akatoa HijackThis, ambayo haikumwondolea mtu chochote bila kumwonyesha kwanza orodha ya kila kilichojishikiza kivinjarini. Lakini iliyopendwa huku kuliko zote ilikuwa AdwCleaner, iliyoanza 2011 kwa kazi ya vijana wa Ufaransa, na sababu zake zilikuwa wazi: ilisema Kifaransa, haikuhitaji kusakinishwa, na ilikuwa ndogo hata ikakaa katika flashi pamoja na barua za mtu. Iliponunuliwa na kampuni ya Malwarebytes mwezi wa Oktoba 2016, ilibaki bure.

Niliwahi kukaa katika karakana moja ya Lubumbashi siku ilipoletwa kompyuta ya ofisi kutoka Mitwaba, eneo lililo kaskazini mwa mkoa, pakanapo na mbuga ya Upemba, ambako barabara wakati wa masika ni mtihani na kifaa hakiletwi mjini ila kwa jambo lililowashinda wote. Fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichomoa kwanza waya wa intaneti. Akafungua orodha ya programu zilizosakinishwa, akaipanga kwa tarehe, zikajikusanya pamoja sita zilizoingia siku moja, katika muda wa robo saa. Akamgeukia mzee karani aliyekuja na mashine.

"Papa, hizi hazikuingia zenyewe. Kuko mtu alizikubali."

"Mwanangu, mimi nilitaka tu ile ya kugeuza barua kuwa PDF."

"Ndiyo yenyewe, Papa. Ilikuja na ndugu zake."

Aliziondoa moja baada ya moja, akisoma kila dirisha mpaka mwisho, maana nyingine humuuliza mtu mara mbili kama kweli anataka kubaki bila ulinzi, na kitufe kikubwa chenye rangi ndicho cha kuzibakiza. Kisha akaingia katika viongezi vya kivinjari, akafuta vilivyobaki; akarudisha ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji; akaipitisha AdwCleaner kutoka flashi yake, akaiwasha mashine upya. Mzee akafungua kivinjari, na ukurasa ule ule wa matangazo ukatokea. Hapo ndipo nilipoona umahiri wa kijana. Hakurudia lolote. Alibofya kwa kitufe cha kulia ile alama ya kivinjari iliyoko kwenye eneokazi, akafungua sifa zake, akasogea mpaka mwisho wa mstari unaoonyesha programu ilipo, na nyuma ya alama za kufunga nukuu palikuwa pamebandikwa anwani ya ukurasa ule. Kivinjari kilikuwa safi. Njia ya mkato ya kukifungulia ndiyo iliyokuwa imetiwa sumu, na wengi hufuta kila kitu wasifike hapo, wakashangaa mambo yakichipuka tena kama ndago. Alifuta maneno yale, akatazama pia kazi zilizopangiwa saa ndani ya Windows, akakuta moja ya kuupakua upau upya kila alasiri, akaifuta nayo. Kwa kazi yote hiyo alitoza chini ya bei ya gunia la mkaa, na mbele ya macho yangu alimwandikia mzee katika karatasi, kwa Kiswahili, mahali pa kutazama kabla ya kubofya.

Sheria zilikuja nyuma. Novemba 2006 Tume ya Biashara ya Marekani ilipatana na kampuni ya Zango ilipe dola milioni tatu, kwa kuwasakinishia watu programu za matangazo bila idhini ya kweli na kuwazuia kuziondoa. Februari 2015 ikafichuka kwamba kompyuta za Lenovo zilikuwa zikiuzwa na programu ya Superfish ndani yake, iliyojipenyeza hata katika mawasiliano yaliyofungwa kwa siri ili ipate kubandika matangazo, na hivyo ikamwachia mwizi yeyote mwanya. Hapo hata kisanduku hakikuwapo. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Microsoft wakaanza kuyahesabu matoleo ya zamani ya upau wa Ask kuwa programu zisizotakiwa. Kwetu Kongo, Kanuni ya Dijitali iliyotiwa sahihi 13 Machi 2023 imeweka masharti juu ya data za watu na ridhaa yao, nami naiona kuwa hatua kubwa, maadamu mahakimu watafunzwa jinsi ridhaa inavyoghushiwa.

Pau zenyewe zilikufa kwa kukosa mahali pa kukaa. Chrome, tangu ilipotoka 2008, haikuzikubali. Firefox ikaufunga mlango wake wa zamani mwaka 2017. Google wakaustaafisha upau wao Desemba 2021, na tarehe 15 Juni 2022 Microsoft wakaacha kuitunza Internet Explorer. Biashara ilikwisha kuhamia simu. Mwaka 2020 watafiti wa usalama wa Secure-D walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu za Triada na xHelper, ambazo ziliwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia wasizoziomba, zikala salio lao. Na kwa kuwa mojawapo ilikuwa imetiwa kabla simu haijafika dukani, kuirudisha simu katika hali yake ya mwanzo hakukuifukuza.

Leo yanayonifikia zaidi kutoka kwa jamaa ni malalamiko ya matangazo yanayochomoza juu ya kioo cha simu hata kivinjari kikiwa kimefungwa, ya bahati nasibu, ya dawa, na ya maonyo ya uwongo kwamba simu ina virusi. Mara nyingi hapana programu iliyoingia. Mtu aliwahi kufungua ukurasa wa filamu au wa mpira, ukamwambia abofye "Ruhusu" ili athibitishe kuwa yeye si mashine, naye akabofya, na tangu hapo ukurasa ule una idhini ya kumtumia arifa usiku na mchana. Afungue mipangilio ya kivinjari, aende kwenye mipangilio ya tovuti, kisha arifa, atazikuta anwani hizo zimepangwa chini ya neno la kuruhusiwa. Azizuie moja moja, na mega zake zitarudi kuwa zake.