Mvua za Septemba na Soko la Mji Wetu

Mji wetu, ambao Wajerumani waliweka boma lao mwaka 1897 na ambao zama za Wazungu uliitwa Usumbura, mwaka wake hugeuka kwa mvua. Kiangazi kianzacho Juni kikiisha, mnamo Septemba, vumbi la uwanda wa Rusizi hutulia na wakulima huanza kutafuta mbegu na majembe.

Bidhaa za maduka ya Asiatique, ya Wahindi na ya Waarabu, zilipanda reli Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha zikavuka ziwa kwa meli. Ziwa lenyewe lina saa yake. Usiku wa giza taa za wavuvi wa ndagala hung'aa kama mji wa pili. Mwezi ukipevuka huzimwa, na ndagala huadimika. Mama zetu walijua hayo bila kalenda.

Jumapili, Januari 27, 2013, Soko Kuu liliungua. Mali ya miaka mingi ikateketea kwa siku moja. Wachuuzi wengi walihamia Ruvumera, huko Buyenzi. Mvua za Septemba mwaka ule zikanyea magofu.